Petroli, Dhana na Daftari la Marehemu

Ndugu zangu wasomaji, haya nimeyaandika baada ya kusitasita sana, kwa kuwa aliyekosa ndani yake ni mimi, wala si mwengine. Lakini nimeona kuyaficha hakutamfaa mtu, na huenda yakamzuia mmoja wetu asitumbukie nilikotumbukia.

Marehemu mume wangu aliniachia gari aina ya Peugeot 504, ambalo watu wa Mombasa tumezoea kuliita Pijo. Aina hiyo ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na wazee wetu wanaikumbuka kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Letu ni la miaka hiyo ya sabini, la kabureta, lisilo na kifaa chochote cha kompyuta. Mume wangu alilitunza kama mtu anavyotunza mboni ya jicho. Kila Ijumaa asubuhi aliliosha kwanza, ndipo akaingia kuoga ili aende msikitini.

Alipofariki niliingia edani. Kwa miezi minne na siku kumi gari lilisimama kando ya nyumba, likipigwa na upepo wa bahari wenye chumvi. Wanangu walitaka kuliwasha mara kwa mara, nami nikawakataza. Sikuwa na sababu ila uchungu: sikutaka kusikia mngurumo wake kisha nisimwone mwenyewe akiteremka.

Eda ilipokwisha, mwanangu aliliwasha kwa taabu. Kisha nikamwajiri kijana wa mtaani kwetu, mtoto wa mjane mwenzangu, awe akiwapeleka wajukuu madrasa na kunipeleka mimi Kisauni kwa dada yangu. Kabla mwezi haujatimia nikaanza kuona ajabu. Marehemu alijaza tangi Jumamosi likamtosha hadi Jumamosi ya pili. Sasa ikifika Jumatano mshale umekwisha lala.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Mama, gari hili lanuka petroli, na moshi wake mweusi. Bora tulipeleke kwa fundi." Nikamjibu kwamba gari hilo lilikuwa zima mikononi mwa mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa na mwiba ndani yake, naye akausikia, akainamisha kichwa. Alirudia maneno yake mara ya pili baada ya wiki, nami nikamnyamazia.

Siku moja barazani kwa dada yangu, tukiwa na wanawake watano au sita, nikasema kwamba vijana wa siku hizi hawaaminiki, na kwamba petroli yangu inanyonywa usiku kwa mpira. Sikutaja jina. Hakukuwa na haja ya kulitaja, kwa kuwa kila mtu alijua ni nani anayeendesha gari langu. Siku tatu baadaye, karibu na magharibi, mamake kijana alibisha hodi. Aliuweka ufunguo wa gari mezani, akasema, "Dada, mwanangu ni maskini, si mwizi." Nilimkaribisha angalau maji ya kunywa. Hakuyagusa.

Mwanangu, aliyekuwa likizoni, akashika usukani kwa wiki mbili. Mitungi ya petroli hatukuweka, mpira haukuonekana, na gari usiku lilifungwa ndani ya lango. Hata hivyo, Jumatano ilipofika mshale ulikuwa umelala vile vile. Mtuhumiwa ameondoka na wizi ungalipo! Usiku ule usingizi haukunijia.

Nikalipeleka kwa fundi mzee wa Majengo aliyemjua marehemu. Aliniuliza kabla hajafungua boneti, "Mamangu, linakula kiasi gani?"

"Linakula sana," nikamjibu.

"Sana si kipimo," akasema. "Jaza tangi mpaka juu, uandike kilomita. Endesheni kama kawaida yenu siku kadhaa, kisha jazeni tena mpaka juu, kituo kile kile. Petroli itakayoingia ndiyo mliyoila. Gawanya kilomita kwa lita, uniletee jibu."

Tulifanya hivyo. Kilomita 118 zilichukua lita 21, yaani kilomita tano na nusu tu kwa lita moja. Kwa kujua lilivyokuwa zamani, nilifungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, nikakuta daftari la marehemu. Kila alipojaza petroli aliandika, kwa hati ya Kiarabu kama alivyozoea: tarehe, kilomita, lita. Nilikaa garini peke yangu nikizisoma herufi zake na kupiga hesabu. Mjini alikuwa akipata kilomita nane na nusu hadi tisa kwa lita, na njia ya Malindi akipata kumi na zaidi.

Fundi akaanza kazi kwa utaratibu uliotulia. Kwanza alitazama chini ya gari na kuufuata mrija wa petroli tangu tangini, kwa sababu petroli inayovuja si hasara tu bali ni hatari ya moto. Haikuwa ikivuja. Akapima upepo wa tairi, akazikuta zote nne zimelegea, na tairi laini huburutwa badala ya kubingirika. Akaliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono moja baada ya moja. La nyuma kushoto lilikataa. Gari lilikuwa limesimama edani likiwa limevutwa breki ya mkono. Waya wake ukaota kutu, na tangu hapo breki haikuwa ikiachia yote. Injini ilikuwa ikisukuma na breki inazuia.

Kisha akafungua plagi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi isiyokoza. Zetu zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaninusisha: oili ilinuka petroli. Mwisho akaondoa kifuniko cha filta ya hewa, akaniita nitazame mdomo wa kabureta.

"Choki imekwama," akasema. Akanieleza kwamba choki ni kibati kinachoziba njia ya hewa injini ikiwa baridi, ili ipate petroli nyingi kwa muda mfupi na iwake. Ikishapata moto, kibati hufunguliwa. Siku ile mwanangu alipoliwasha baada ya eda, alivuta choki kisha akarudisha kitasa mahali pake. Kitasa kilirudi, lakini waya ulikuwa na kutu ndani ya ala yake, na kibati kikabaki nusu kimefunga. Aliyekaa kwenye usukani hangeweza kujua, kwa kuwa kitasa kilionekana kimeingia sawasawa.

Aliponiona bado sijaelewa vizuri, fundi akaniuliza, "Ukiziba mlango wa seredani, moto huwaje?"

"Hufuka moshi."

"Basi na injini ni hivyo. Kila kilo moja ya petroli yahitaji karibu kilo kumi na tano za hewa ili iungue vyema. Ukiinyima hewa, petroli haiungui yote. Nyingine hutoka kwa moshi mweusi, nyingine hushuka kwenye oili ikaiharibu. Nani aliyekuwa akiliendesha? Hakukwambia kuhusu moshi?"

Sikuweza kumjibu.

Nimeyafikiri sana mambo haya tangu siku hiyo. Kijana na kutu waliingia katika gari lile wakati mmoja. Kutu sikuiona, kijana nilimwona, basi nikamshika niliyemwona. Naye ndiye aliyekuwa amenieleza ukweli mara mbili, kwa adabu, nami sikumsikiliza kwa sababu ukweli wake uligusa kitu nilichotaka kibaki kama alivyokiacha marehemu. Sura ya Al-Hujurat, ambayo inatuonya dhidi ya dhana na kusengenyana, nimeisoma tangu utotoni. Kumbe kuisoma ni jambo moja, na kuikumbuka barazani ni jambo jengine.

Fundi alibadilisha nyaya zote mbili, plagi, oili na pointi zilizokuwa zimelika, akajaza upepo wa tairi. Tulikwenda Kilifi na kurudi, kama kilomita 120, na tangi likapokea lita 12. Mwanangu aliandika hesabu hiyo katika daftari la babake, chini ya mstari wa mwisho wa marehemu.

Hapo ndipo palipobaki kazi ngumu zaidi. Nilikwenda kwanza barazani kwa dada yangu, siku ambayo wanawake wale wale hukutana, nikasema mbele yao kwamba nilimzulia mtu asiye na kosa, na kwamba gari lilikuwa bovu kwa uzembe wangu. Maneno yaliyosemwa hadharani hayafutwi kwa kunong'ona. Kisha nikaenda kwa mamake kijana, nikiwa nimebeba mshahara uliosalia. Alikuwa akisukuma mahamri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe, dada. Lakini kuna duka ambalo hadi leo halimkopeshi." Nikatoka kwake nikaenda dukani.

Kijana amepata kazi Changamwe. Tukikutana njiani hunisalimu kwa heshima. Hajarudi kwangu, wala simlaumu.

Basi ndugu zangu, mwenye gari la zamani na alipime kwa kilomita na lita, aandike, wala asiliache likasimama miezi bila kuwashwa, hata kama moyo unauma. Likibadilika, aanze na lililo jepesi: uvujaji, upepo wa tairi, magurudumu, plagi, choki. Na kabla ya yote hayo, amsikilize anayeliendesha. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kuwa na hakika nayo, na amrehemu mzee wangu aliyeniachia daftari. Amin.