Mkorosho wa Nyuma ya Jiko

Nilipopangiwa kazi Newala nilikuwa na begi moja, baiskeli ya serikali na ujuaji mwingi. Kila mkorosho ulioumwa, kwangu ulikuwa na ubwiriunga. Kipupwe kikiingia, ukungu huo hupaka maua unga mweupe, na ua lililopata unga halizai korosho. Dawa tuliijua: salfa ya unga, inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka.

Bibi mmoja akaniita. Machipukizi ya mikorosho yake yalikuwa yamekauka nchani, meusi, kama yamebabuliwa na moto. Sikushuka hata kwenye baiskeli. "Ubwiriunga huo, bibi." Akauza mbuzi, akanunua salfa. Tukapuliza mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Machipukizi yakazidi kukauka.

Mara ya nne alinishika mkono mpaka nyuma ya jiko. "Na huu, mwanangu, mbona hujauuliza?" Ulikuwa mkorosho uliochanua vizuri, na salfa haukuionja. Nikashika tawi. Sisimizi waitwao majimoto wakanivamia hadi kwapani. Walikuwa wameshona majani, wamejaza viota mti mzima.

Ndipo nikakata chipukizi la mti mgonjwa, nikakaa chini nikilitazama. Ubwiriunga ukiusugua kwa kidole gumba, unga hutoka. Hapa hapakuwa na unga. Kwenye kikonyo laini palikuwa na doa refu jeusi, limebonyea, na tone la utomvu limegandia pembeni. Hapo ndipo mdudu aitwaye mbu wa mikorosho alipochoma mdomo, akafyonza, akaacha mate yenye sumu. Salfa huua ukungu. Mbu huyo haimshughulishi. Wanaomshughulisha ni majimoto.

Miti mingine ya bibi nayo ilikuwa na majimoto zamani. Viota vilichomwa moto mwaka mmoja nyuma, baada ya bwana shamba kusema mkutanoni kwamba ni wadudu wasumbufu. Bwana shamba huyo ni mimi.

Tangu siku ile, nikiitwa shambani naomba kwanza nioneshwe mti usioumwa. Wapo wanaoniona punguani. Mara nyingine hata ugonjwa sikuti: miti imebanana tu, matawi ya chini yamekufa kwa kukosa jua, na mwenye shamba huumia zaidi kuambiwa akate mmoja kuliko kuambiwa anunue dawa.

Bibi hakunidai mbuzi wake. Alileta kamba ya katani, tukaifunga toka mkorosho wa jikoni hadi ulio jirani nao. Siku ya tatu majimoto walikuwa wanavuka.