Karamu Iliyoshonwa kwa Mkono

Nguo na chakula ni ndugu wa mama mmoja, na jina la mama huyo ni haja. Mmoja huukinga mwili na baridi na aibu; wa pili huukinga na njaa na udhaifu. Kama haja ingalikuwa ndiyo mwisho wa mambo, gunia lingalitosha kuwa vazi, na muhogo wa kuchemsha ungalitosha kuwa karamu. Lakini mwanadamu alipokwisha kuufunika mwili wake alitaka kuupamba, na alipokwisha kushiba alitaka kushiba pamoja na wenzake. Hapo ndipo mshonaji na mpishi walipokutana, na tangu siku hiyo wamekuwa wakiazimana akili. Nataka kusema jinsi ushonaji wa fahari wa Paris ulivyoifunza meza, kisha nitaje jambo moja ambalo afadhali meza isijifunze.

Ushonaji huo Wafaransa huuita haute couture. Aliyeupa umbo lake alikuwa Mwingereza, Charles Frederick Worth, aliyefungua nyumba yake ya ushonaji mjini Paris mwaka 1858. Kabla yake, kwa kawaida fundi alikuwa mtumishi wa bibi mwenye kitambaa. Aliambiwa la kushona akalishona. Worth alibuni vazi mwenyewe, akalionyesha juu ya mwili wa mtu hai, kisha akalishona upya kwa kipimo cha kila aliyelitaka. Mwaka 1945 Ufaransa ilililinda jina hilo kwa sheria, hata nyumba isiyokubaliwa rasmi haiwezi kujiita kwalo. Vazi la namna hiyo hukatwa kwanza katika kitambaa cheupe cha pamba, mfano wa bafta yetu. Hujaribiwa mwilini, hufumuliwa, husahihishwa, hujaribiwa tena. Hariri haiguswi na mkasi mpaka bafta imekwisha kusema kweli yote.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, nikalelewa barazani katikati ya vipande vya nguo na vumbi la chaki. Baba yangu hakupata kuiona Paris, lakini siri yake aliijua. Hakuwa akipokea kipimo cha kutajiwa. Mtu akimwambia, "Fundi, nishonee kama ile ya kaka yangu, miili yetu ni sawa," yeye alimsimamisha, akamnyosha mikono, akampima. Alisema kuwa mwili wa mtu haumo katika nguo ya kaka yake. Neno hilo nililichukua kuwa la ushonaji tu, mpaka nilipokuwa mkubwa na kuanza kupokea wageni wangu mwenyewe. Ndipo nilipoliona kuwa ni neno la ukarimu pia.

Mtu aliyeziunganisha fani hizi mbili katika maisha yake ni Christian Dior. Alizaliwa Granville, mji wa pwani ya Ufaransa, mwaka 1905, na tarehe 12 Februari 1947 alionyesha mavazi yake ya kwanza katika nyumba yake ya avenue Montaigne, Paris. Alikuwa mpenzi mkubwa wa chakula kizuri. Baada ya kufa kwake mwaka 1957, mapishi yake yalikusanywa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1972, na jina la kitabu hicho ni La Cuisine cousu-main, maana yake, upishi ulioshonwa kwa mkono. Mwaka 2022 nyumba yake ya ushonaji ilifungua mkahawa wa fahari katika jengo lile lile la avenue Montaigne, ukaitwa Monsieur Dior.

Upishi ulioshonwa kwa mkono ni upishi gani? Kwanza, ni ule unaoheshimu kitu chenyewe. Kitambaa kizuri hakitaki mapambo mengi, na samaki aliyetoka baharini asubuhi hataki kuzikwa chini ya viungo. Pili, ni ule wenye bafta yake. Mpishi mwangalifu hajaribu pishi jipya mbele ya wageni. Hulipika kwanza siku isiyo na sifa, akalionja, akalifumua. Tatu, ni ule wenye mpango. Katika maonyesho ya Paris vazi hufuata vazi, na kwa desturi vazi la bibi arusi ndilo la mwisho. Meza rasmi ya Ufaransa nayo, katika karne ya 19, iliacha kutandaza vyakula vingi kwa mara moja, ikashika desturi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine mpaka kufikia vitamu. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake katika jambo hili; nasema tu kwamba wote wawili walijua kuwa jicho na ulimi huchoka vikipewa vyote pamoja. Nne, ni ule wenye mshono wa ndani. Vazi bora ni safi hata upande usioonekana; na mwenyeji bora huficha jasho lake, mgeni akaona chakula asione taabu.

Haya ni mafunzo mema. Lakini kila chuo kina somo lake baya, na somo baya la chuo hiki lilifundishwa na mtu mwenye kipaji kikubwa. Paul Poiret alikuwa mfalme wa mitindo ya Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Usiku wa tarehe 24 Juni 1911 alifanya karamu aliyoiita Usiku wa Elfu na Mbili, akaalika wageni wapatao 300. Yeye mwenyewe alijivika usultani, na wageni walitakiwa waje katika mavazi ya mashariki. Aliyekuja bila ya mavazi hayo alipewa moja katika mambo mawili: avae nguo alizowekewa hapo, au arudi kwake. Karamu ile inasifiwa hata leo kwa uzuri wake. Mimi nikiisoma habari yake nakwama mlangoni, pamoja na yule mgeni anayechaguliwa kati ya nguo na njia. Fundi aliyezoea kukata nguo imfae mtu, usiku ule alimkata mtu aifae karamu.

Kuna watu watakaosema kwamba mambo haya yote ni upuzi wa matajiri. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1947 sketi za Dior zilimeza mita nyingi za kitambaa, na mwaka huo huo mkate wa Wafaransa ulikuwa bado ukitolewa kwa mgao, mgao ulioendelea mpaka 1949. Lakini gharama si roho ya sanaa hii. Roho yake ni kipimo, na kipimo hakiuzwi dukani. Maskini aliyemtolea mzee asiye na meno samaki asiye na miba, akamketisha mwenye haya karibu na mtu anayemjua, akamtengea mgonjwa wa sukari kahawa chungu bila ya kumtangaza mbele ya watu, amekwisha kushona kwa mkono, ijapokuwa meza yake ni mkeka na sahani zake ni sinia moja.

Nayasema haya kwa kuwa somo la Poiret limetufikia. Katika harusi zetu za siku hizi meza huvishwa kitambaa cha rangi ya arusi, viti hufungwa utepe, na wanawake huagizwa sare moja. Sare ni kitu kizuri. Kanga za namna moja zimewaunganisha wanawake wa pwani miaka mingi. Bali yupo jirani yetu mmoja, mjane, aliyekaa siku mbili uani kwa watu akichagua mchele wa karamu. Jioni ya harusi hakuonekana. Fedha ya sare ilimshinda, na kuingia peke yake na rangi yake katikati ya rangi za wenzake aliona ni kujianika. Alipelekewa pilau katika bakuli lililofunikwa. Akaipokea mlangoni kwa shukrani na dua njema, akaila peke yake, punje zile zile zilizopita mikononi mwake. Hakuna aliyemfukuza. Walisahau tu kumpima.

Tuige Paris, wala tusione haya kuiga. Ufundi hauna kabila. Tuige subira ya bafta, usafi wa mshono wa ndani, na desturi ya kumwita mtu aje ajaribu kabla ya mkasi kupita. Karamu ni vazi livaliwalo na watu wengi kwa wakati mmoja. Likimbana mmoja wao halikushonwa vizuri, hata kama uzi wake ni wa dhahabu.