Mwanjelwa: Kizuri chajiuza, lakini soma pakiti kwanza

Ukishuka Mwanjelwa asubuhi ya Juni, baridi inakupokea kabla ya wapiga debe. Barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia inapita hapo hapo, bajaji zinagombea abiria, na mezani kumepangwa mavuno ya Nyanda za Juu Kusini: ndizi na parachichi za Rungwe, viazi, maharage, mchele wa Kyela na wa Mbarali.

Mchele wa Kyela ni somo tosha la biashara. Jina lake limebebwa na madereva, wanafunzi na wageni waliorudi kwao na kilo kadhaa kwenye buti. Wakapika, jirani akasikia harufu, akauliza umenunua wapi. Leo unajulikana nchi nzima. Wahenga walisema kizuri chajiuza.

Siku hizi kazi ya jirani huyo inafanywa na simu. Muuzaji anapiga picha mzigo ulioingia alfajiri na kuuweka WhatsApp. Mteja aliyeridhika anaituma kwenye kundi la kikoba, la kwaya au la wazazi wa darasani. Gharama ni bando tu. Mama mwenye kibanda, asiye na fedha za tangazo la redio, anaweza kupata oda kutoka Uyole hadi Dar es Salaam na kutuma mzigo kwa basi. Mnunuzi naye anaamini haraka, kwa sababu aliyemtumia habari ni dada yake.

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa njia hii ni unga wa lishe wa watoto. Wazazi wana sababu ya kuutafuta. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa, mkoa wenye chakula tele, takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wana udumavu, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30.

Hapo ndipo sifa za kwenye simu zinapohitaji kusimamishwa kidogo. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi. Huwezi kuigundua kwa kuonja, na kupika hakuiondoi yote. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki baada ya kula nafaka zenye sumu hiyo. Picha ya mtoto mnene haipimi sumukuvu.

Watanzania wanakumbuka Loliondo mwaka 2011. Habari za kikombe cha Sh500 zilienea mdomo kwa mdomo na simu kwa simu, magari yakapanga foleni kwa kilomita nyingi, na wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Habari ile ilikimbia kwa sababu ilitoka kwa watu wa karibu, si kwa sababu dawa ilikuwa imethibitishwa.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kununua au kumtumia mwenzako, angalia pakiti: jina la mtengenezaji, mchanganyiko, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya TBS. Ukisaga mwenyewe, chambua punje zilizooza au zenye ukungu uzitupe. Mtoto chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Aliyefikisha umri huo, uji ni sehemu tu ya mlo. Anahitaji pia mayai, maharage, dagaa, mboga na matunda. Anavyokua utaviona kwenye kadi ya kliniki kila anapopimwa uzito.

Kwa mfanyabiashara, njia ni kupitia SIDO na TBS mapema, kabla jina halijawa kubwa. Makundi yaleyale yaliyoleta wateja 50 kwa wiki yatasambaza habari za mtoto mmoja aliyeharisha kwa nusu saa. Wauza mchele wa Kyela wanalijua hilo kwa namna yao: jina likishapendwa, kuna wanaoliandika hata kwenye magunia ya mchele wa kwingine. Mnunuzi mzoefu wa Mwanjelwa huchota kiganjani, akaangalia punje, ndipo akafungua pochi.