Joto Linakwenda Wapi?

Watu wanaopenda kompyuta zenye mbio wanafanana kwa jambo moja na watu wanaopenda vitabu: wote huandika orodha ndefu kuliko mfuko. Yangu niliiandika Januari, nyuma ya daftari la mahesabu, baada ya harusi za Desemba kulipa vizuri. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Ofisi ni sebule ya nyumba ya kupanga, Temeke.

Mashine niliyonayo ina prosesa ya Intel Core i7-2600K, toleo la mwaka 2011, mtumba wa Kariakoo. Ile herufi K mwishoni ina maana kiwanda hakikuifunga. Ukitaka, unaweza kuilazimisha ikimbie kuliko kasi iliyoandikwa. Wenyewe tunaita kuovakloki. Mchezo huu una hadithi zake, na ninayoipenda ni ya mwaka 1998. Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha mwendo wa njia inayoiunganisha na bodi kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zinakimbia kwa 450 bila kulalamika. Yaani unanunua ya mnyonge, unapata ya tajiri. Sisi tuliokua na hadithi za Sungura tungeachaje kupenda kitu kama hicho?

Basi orodha yangu ikawa hivi: AMD Ryzen 7 5800X, viini 8, ya kuovakloki. Kadi ya picha RTX 3080. Halafu vitu vya maji: bloku ya shaba ya kukaa juu ya prosesa, pampu, tangi dogo, mipira, rejeta ya milimita 360 na feni zake tatu. Nilishasoma hadi nikajua kwamba shaba na alumini haziwekwi kwenye mzunguko mmoja, kwa sababu alumini italiwa, na kwamba maji ya bomba yana chumvi, hayafai. Nilijua kwamba lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Nilijiona fundi.

Mwezi huo mama alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya presha. Kitanda chake tukakiweka sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. Usiku mmoja akaniuliza ninachoandika ni nini. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, jinsi maji yatakavyopita juu ya prosesa na kuipoza.

"Haya, mwanangu. Na hayo maji yakishapata moto, moto unakwenda wapi?"

"Kwenye rejeta, mama."

"Na rejeta iko wapi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea chini ya meza. Hakusema kitu tena. Akajifunika kanga, akageukia ukutani.

Msomaji, swali lile ndilo swali lote. Maji hayali joto, yanalihamisha tu. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta kutoka kwenye LUKU inatoka ikiwa joto, na chumba ndicho kinachopokea. Na maji hayo, ukiwa na rejeta na feni tu, hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba. Februari ya Dar, sebule yenye nyuzi 31 haina baridi ya kuazima.

Nikarudi kwenye daftari. Mtu aliyekaa kitako hutoa joto la wati 100 hivi. Prosesa niliyoitaka imeandikiwa wati 105 kabla hujaigusa, kadi ya picha 320. Hao ni wageni wanne na ushee, wamekaa sebuleni kwa mgonjwa usiku kucha, hawaagi. Na kuovakloki kunaongeza, kwa sababu nguvu inayoliwa inapanda pamoja na kasi, lakini kwa volteji inapanda mara mbili yake, yaani volteji mara volteji. Chukua hii ya zamani niliyonayo. Ukiitoa gigahezi 3.5 hadi 4.5, na volteji kutoka 1.2 hadi 1.35, umepata kasi ya asilimia 29 zaidi. Joto limeongezeka asilimia 63 hivi.

Nilijitetea kwamba mashine yenye mbio itamaliza mapema, izimwe. Hesabu haikunikubalia. Hata kama ingemaliza kwa saa tatu kazi ambayo nyingine inaifanya kwa saa nne, wati 450 kwa saa tatu ni nyingi kuliko wati 250 kwa saa nne.

Ilibaki njia moja ambayo maji yanashinda kweli: mipira mirefu, rejeta nje ya dirisha. Joto linatoka nyumbani kabisa, chumba kinapona. Lakini nyumba ina nondo na wavu, lazima utoboe ukuta. Nikamwendea baba mwenye nyumba. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Toboa ukuta wako."

Nimenunua Ryzen 7 5700X. Viini ni vilevile 8, kasi ya juu gigahezi 4.6 badala ya 4.7, wati 65. Kadi ni RTX 3060, wati 170. Juu ya prosesa kuna bonge la chuma lenye feni moja, na pawa saplai ya wati 550 ambayo haihemi. Pesa ya pampu na rejeta imenunua feni ya kutolea hewa nje, imekaa kwenye tundu la juu la dirisha, na yuesi ya kuilinda kazi umeme ukikatika.

Wateja wanasubiri kidogo zaidi. Mmoja ameshapeleka harusi yake kwingine. Mama anasema usiku anasikia feni tu.

Ile orodha ya kwanza bado ipo kwenye daftari. Mistari mingine nimeifuta. Wa rejeta nimeuacha, nikaandika pembeni: siku nikijenga.