Boda Ilipojifunza Kupanda Mlima

Kazi ya boda ilizaliwa kwetu Busia miaka ya 1960, na ilizaliwa juu ya baiskeli kwa sababu ardhi yenyewe iliikubali. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha barabara tambarare. Gari lilitakiwa karatasi nyingi ili livuke, baiskeli ilipita. Mwenye gunia la sukari au mtoto mgongoni alipanda keria, akavushwa, akalipa, akaenda zake.

Nilipoingia kazini miaka ya 1990 bado tulikuwa watu wa baiskeli. Baiskeli ya Black Mamba yenye kiti cha sponji nyuma ilitosha kulisha nyumba. Akina mama walikaa upande, miguu pamoja, na ukijua kuanza taratibu hawakuhitaji hata kukushika.

Mlima ulikuwa habari nyingine. Ukitoka Malaba ukapita Amagoro na kuelekea kaskazini, barabara huanza kuinuka. Ukifika Angurai kuna vilima vya mawe, na mbele zaidi, Lwakhakha na Cheptais, unakanyaga miteremko ya Elgon wenyewe, mlima wa mita 4,321. Huko abiria wa baiskeli alikuwa abiria kwa jina tu. Chini ya kilima alishuka, tukapanda kwa miguu, mimi nikisukuma mzigo wake. Tulizungumza njia nzima: nani kaoa, mahindi yameshika vipi, ng'ombe gani wameibwa. Kuteremka ndiko kulikotisha. Mvua ikinyesha, raba za breki zilikuwa hazishiki, ukabaki kukandamiza kisigino cha kiatu kwenye tairi huku ukimwomba Mungu.

Wazee wetu waliujua mlima huo kwa shida kubwa zaidi. Baridi kali ilipounguza kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ilipanda dunia nzima, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikaanza kushushwa kwa magendo usiku. Chepkube, upande wa Kenya wa mlima huo, penye vibanda vichache tu, pakawa soko la fedha nyingi mwaka 1976 na 1977. Waliotusimulia walitaja mizigo iliyobebwa vichwani na kwa punda. Gunia la kahawa gizani, kwenye utelezi, huku unawindwa na askari wa pande mbili: sijawahi kusikia kazi ya uchukuzi iliyoizidi hiyo kwa ugumu.

Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT. Zikamiminika. Baiskeli zilizojaa stejini asubuhi zikawa zinahesabika, na vijana wakawa wanauza ng'ombe wa baba ili wapate pikipiki. Nami nikanunua pikipiki aina ya Boxer, nikahamia Malaba, kwa sababu niliona kwamba mashine hii ingelipa zaidi kule ambako baiskeli ilishindwa.

Kupanda kuna elimu yake. Fundi anakufungia sproketi kubwa zaidi nyuma. Unapoteza mwendo kwenye lami lakini unapata nguvu kilimani. Unaingia gia ya kwanza kabla kilima hakijakubana, maana ukibadilisha katikati, ukiwa na gunia la viazi nyuma, gurudumu la mbele linainuka. Kwenye udongo mwekundu uliolowa tulifunga kamba kuukuu kuzunguka tairi la nyuma ili liume. Unapoteremka usizime injini kuokoa mafuta, ingawa wengi huzima. Gia ndogo ndiyo breki yako ya kweli. Breki ya nyuma ikipata moto inakuacha peke yako na korongo.

Faida yake nimeiona kwa macho. Mama mwenye uchungu wa kujifungua, aliyekuwa akibebwa kwa machela hadi barabarani, sasa anafika hospitali usiku huohuo. Kitunguu cha Cheptais kinafika soko la Malaba kikiwa kibichi. Lakini pia nimewazika wenzangu, wengi wao vijana waliojifunzia tambarare, wakapewa mzigo wa mlimani wiki hiyohiyo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Msafiri sasa humalizana na maafisa wa nchi zote mbili upande anaoingia, na kile kipande cha katikati kilichotuzaa kikapungua thamani. Vijana wengi wakageukia safari ndefu, na safari ndefu kwetu zina vilima.

Kwa hiyo stejini kwetu tumekubaliana: mgeni hapewi abiria wa Angurai mpaka mmoja wetu aketi nyuma yake wakiteremka, kwanza pakavu, halafu siku ya mvua. Wengine hukasirika na kwenda steji nyingine. Anayebaki tunaanza naye kwenye kuteremka. Kupanda atajifunza baadaye.