Kadi Hii Haina Mirathi

Wajukuu zangu,

Mambo ya nyumba ya Mombasa na dhahabu zangu nimeshayaandika kwenye karatasi nyingine, na mashahidi wametia sahihi. Hapa nataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho najua mtakigombania hata kabla ya hitima: kadi yangu ya buluu ya kuegeshea gari. Msinicheke. London hii nimeona watoto wa watu wakipelekwa mahakamani kwa kadi kama hiyo.

Kadi si ya gari wala ya ukoo. Ni ya mtu mmoja, na chanzo chake ni sheria ya mwaka 1970 iliyotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu. Zamani ilikuwa rangi ya chungwa. Hii ya buluu ilikuja mwaka 2000. Nikiwemo garini, aendeshe yeyote, hata dereva wa teksi, inatumika. Mkija kunichukua au kunishusha, halali. Ila mimi niko kitandani, nanyi mmeiweka kwenye dashibodi nje ya soko la Upton Park mkanunue mihogo, hilo ni kosa la jinai. Wala msiseme mihogo ni ya bibi.

Niliona kwa macho yangu pale pale sokoni. Mwanamume mmoja alimwendea kijana aliyekuwa ndani ya gari, akamwonyesha kitambulisho cha kaunsili. Hakuvaa sare, tangu sheria ya 2013 si lazima wavae. Akaomba kadi, akaigeuza, nyuma ikatokea picha ya bibi kizee. "Mwenyewe yuko wapi?" Kijana akasema yuko dukani. "Haya, twende tukamwite." Maskini yule mtoto, akaanza kutazama maduka kama anayechagua la kuingia! Kadi ikachukuliwa papo hapo. Na angekataa kuitoa bila sababu ya maana, kukataa kwenyewe ni kosa jingine.

Faini inafika pauni 1,000, ukiacha gharama za mahakama. Anayeghushi kadi au kuibadilisha tarehe anaweza kushtakiwa kwa Sheria ya Udanganyifu ya 2006, ambayo kikomo chake ni kifungo cha miaka 10. Lakini mimi faini siihofii sana, pesa hutafutwa. Naihofia rekodi. Wewe unayeendesha teksi, leseni yako inapitia ukaguzi wa makosa ya jinai. Wewe unayehudumia wazee, vivyo hivyo. Na wewe unayejaza fomu ya uraia, humo utaulizwa kama umewahi kutiwa hatiani. Utaandika nini? Kwamba uliona uvivu kutembea kutoka kwenye maegesho ya kulipia?

Nafasi za kuegesha za wenye ulemavu ni chache. Ukiikalia moja, kuna mtu anazunguka mtaa mzima na kiti cha magurudumu nyuma ya gari, mwisho anarudi nyumbani. Na mkimwona anayetembea vizuri akishuka na kadi halali, msimtolee macho. Tangu Agosti 2019 hapa England hata wenye ulemavu usioonekana wanaweza kupewa.

Sasa, nikifa. Kadi inakufa siku hiyo hiyo, hata kama tarehe iliyoandikwa bado ina mwaka mzima. Najua mmoja wenu atasema, "Tuimalizie tu, bibi asingekataa." Bibi anakataa, na ameandika. Kutumia kadi ya marehemu ni kosa lile lile, tena linasikitisha zaidi likisomwa mbele ya hakimu.

Iko kwenye droo ya gari, pamoja na ile saa yake ya kuegeshea. Mkishasajili kifo, kadi irudishwe kaunsili. Mkiipeleka kwa posta, ombeni risiti. Kazi hiyo nampa kitinda mimba, maana nyinyi wakubwa mtasema kesho.

Bibi yenu