Black Rock: Baiskeli, Theluji na Teksi Isiyo na Dereva

Black Rock iko kaskazini-magharibi mwa jiji la Buffalo, ukingoni mwa mto Niagara. Ng'ambo ya mto ni Kanada, na daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1873 bado linapitisha treni. Jina lilitokana na mwamba mweusi uliokuwa ukingoni, ambao ulilipuliwa miaka ya 1820 kupisha mfereji wa Erie. Black Rock ilitaka mfereji huo uishie kwake, Buffalo ikashinda, na mwaka 1853 ikaunganishwa na jiji. Watu wa hapa wanajua tangu zamani kwamba njia mpya ikija, kuna anayepita na kuna anayepishwa.

Siku hizi ukitembea mitaa ya upande huu wa jiji utasikia Kiswahili cha Uvira na Bukavu, na cha waliolelewa kambini Tanzania. Familia nyingi huanza maisha bila gari, kwa sababu gari ni ghali na bima nayo ni ghali. Baba anaenda zamu ya usiku kwa baiskeli, mtoto anaenda nayo shule. Sehemu ya Niagara Street imetengewa njia ya baiskeli. Ukiingia mitaa ya ndani, unagawana lami na magari.

Ndiyo maana habari ya Januari 2026 ilitugusa. Gavana Kathy Hochul alipendekeza teksi zisizo na dereva ziruhusiwe kwa kiasi katika jimbo la New York, nje ya Jiji la New York, yaani kwenye miji kama yetu. Februari pendekezo likaondolewa kwa kukosa uungwaji mkono wa kutosha. Limeondolewa, ila halijafa. Hata Uber na Lyft zilikaa nje ya Buffalo miaka mingi, zikaruhusiwa tarehe 29 Juni 2017.

Jirani yangu, mama wa Uvira, aliniuliza: "Dada, kama hiyo gari inanigonga, nitaongea na nani?" Swali lake lina msingi. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga Elaine Herzberg akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Alifariki. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba vifaa vya gari vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla, lakini programu ilibadilisha mawazo mara kwa mara: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Mtu aliyewekwa nyuma ya usukani ili kulisimamia hakuwa akitazama barabara.

Miaka imepita, na teksi hizi sasa zinabeba abiria Phoenix na San Francisco. Kwa haki niseme pia: mashine hailewi, haisinzii, wala haisomi ujumbe wa simu. Sisi wauguzi tunawapokea watu walioumizwa na madereva wa aina hiyo, na hakuna anayetaka waongezeke.

Lakini Phoenix ni jangwa, na San Francisco haioni theluji. Hapa mistari ya barabarani hufunikwa majira ya baridi, na theluji iliyosukumwa pembeni hula njia ya baiskeli, kwa hiyo mwendeshaji hana budi kuingia katikati ya barabara. Desemba 2022 dhoruba iliua watu zaidi ya 40 katika eneo hili, na hata magari ya wagonjwa yalikwama. Kamera iliyofunikwa na barafu itamwonaje kijana mwenye koti jeusi saa kumi na moja alfajiri?

Kuna jambo jingine ambalo waliokulia kwenye barabara za kwetu wanalielewa upesi. Mwenye baiskeli na dereva huzungumza kwa macho. Unamtazama, anatikisa kichwa au anainua mkono, unapita. Kiti kikiwa kitupu, mazungumzo hayo hayapo, na mwenye baiskeli ndiye anayebaki akikisia.

Kwa hiyo wasiwasi wa mama yule si ushamba. Mgonjwa akiletewa dawa mpya ana haki ya kuuliza ilijaribiwa kwa nani, nani alidhurika, na nani atawajibika. Barabara nayo ni hivyo hivyo. Pendekezo likirudi, tuulize: limejaribiwa kwenye theluji? Takwimu za ajali zitawekwa wazi? Aliyegongwa atampigia nani simu, na atajibiwa kwa lugha gani? Mbunge wa jimbo ana ofisi mtaani, na huhitaji kuwa raia ili kumwandikia. Mfereji ulipopita hapa, mwamba haukuulizwa. Sisi tuna midomo.

Wakati tukisubiri, wafungieni watoto taa mbele na nyuma ya baiskeli. Dereva awepo au asiwepo, kwanza waonekane.